Rimu ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Sisemi kwa kujisifu, nasema kama mtu anavyosema ana pua. Wengine walipewa mali, wengine wakapewa sura, mimi nikapewa kichwa ambacho jambo likisemwa mara moja linaingia na kukaa. Shule niliiacha siku walipoanza kuchanganya herufi na hesabu, maana niliona walimu wenyewe wamepotea na sikutaka kuwaaibisha. Tangu hapo nimeendesha malori, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimebishana na maofisa wa forodha kwa lugha nisizozijua na nikashinda. Leo mimi ni mtunza stoo wa kitivo cha uhandisi. Anayetaka ndoo, pampu, mchanga au waya anakuja kwangu. Na anayetaka kwenda kwenye kongamano la utafiti anakuja kwangu vilevile.

Hapo ndipo watu wanaponitolea macho. Mkuu wa kitivo, Mama Profesa, ana utaratibu wake. Mwanafunzi akialikwa kwenye kongamano, yaani huko ng'ambo ambako wataalamu wanakaa ukumbini kuelezana walichogundua, hapewi nauli ya kitivo mpaka kwanza aje stooni anieleze kazi yake kwa mdomo. Bila picha, bila ubao. Nikielewa, nachukua spana kubwa nagonga rimu ya lori inayoning'inia mlangoni. Ngooo! Jengo zima linasikia, wenzake wanashangilia, mhasibu huko juu anaandika nauli. Rimu yangu haijamnyima mtu hata siku moja. Wote waliokaa mbele yangu nimewaelewa, wote wamesafiri. Kama hiyo si bahati, basi bahati ni mnyama gani?

Mvua imeanza leo. Daftari hili lilikuwa halina mwenyewe. Sasa linaye.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimetoa makoleo safi, yamerudi machafu.

Jumanne, 11 Machi

Mama Profesa ameingia stooni na mwavuli uliovunjika. "Mzee, nimekuletea mgeni. Barua yake ya kukubaliwa imekuja."

Nyuma yake alikuwa Sindano. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mwembamba na maneno yake yanachoma. Ni yule binti aliyechukua mchanga wangu wote mzuri mwezi uliopita, akajaza sanduku la kioo maabara, akajenga humo ukuta mdogo kama wa kuchezea watoto, kisha akakaa kuumwagia maji. Nilipomuuliza kama anatafuta samaki alinijibu, "Mjomba, wewe andika ndoo nilizochukua." Wanafunzi wote wananiita Mjomba, lakini yeye analitamka kama faini.

Mama Profesa akasema kongamano ni mwisho wa Mei, ila jina lisipotumwa kabla Aprili haijaisha, nafasi anapewa mwingine. Na huko kuna maabara kubwa inayochukua vijana wa kuendelea na masomo. Wakimwona, huenda wakamchukua. "Nikibaki hapa," akasema Sindano akiwa anatoka, "sanduku langu la kioo litarudi kuwa la samaki, Mjomba." Kumbe anajua kutania.

Ijumaa, 14 Machi

Leo amenieleza. Nimekaa kwenye kiti changu, yeye amesimama, mvua inapiga mabati utadhani tumo ndani ya ngoma.

"Mjomba, umewahi kuona ukuta unaozuia udongo wa mlima usishuke barabarani?"

"Nimeegemea kuta hizo katika nchi nyingi."

"Vizuri. Watu wanadhani ukuta ule unaelemewa wakati mvua inanyesha. Mimi nimepima. Unaelemewa zaidi mvua ikishakatika. Jua likiwa limetoka."

Mpaka hapo nilikuwa namfuata. Kisha akaingia kwenye shinikizo la maji ndani ya matundu ya udongo, akatoka huko akaenda kwenye uwiano wa kitu fulani na kitu fulani, akageuka kushoto kwenye muda wa kuchelewa. Mimi nilikuwa natikisa kichwa. Nina mitikisiko mingi: upo wa "endelea", upo wa "hapo umesema", na upo wa polepole, macho yamefumbwa, ambao ni wa kazi ngumu sana. Huo wa mwisho nimeutumia mara kadhaa. Mtu asifikiri sikuelewa. Kuelewa kwangu huwa kunakuja nyuma, kama mzigo unaofuata na lori la pili.

Alipomaliza aliniangalia. Wote huniangalia hivyo, kama mtoto aliyeshika kikombe kitupu. Nikainuka nichukue spana nigonge. Spana haipo! Fundi bomba ameondoka nayo kwenda kuzibua mifereji. Nimemwambia binti rimu haigongwi kwa nyundo, ni heshima, arudi.

Jioni mke wangu akauliza, kama anavyouliza kila siku ninapoelezwa kazi ya kongamano: "Haya, leo umeelewa nini?"

"Ukuta," nikasema. "Udongo wake una matundu."

"Na nyumba yetu ina matundu. Kwa nini haiendi ng'ambo?"

"Mama watoto, hayo ni mambo ya kisayansi."

"Basi niambie, kwa nini unaelemewa jua likitoka?"

Nikamwambia jua lina uzito wake. Alicheka mpaka akashika meza. Lori la pili bado halijafika.

Jumatano, 19 Machi

Fundi bomba bado ana spana. Mvua bado ina fundi bomba.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote, halafu nitajua nawaza nini. Kwa sasa sijui.

Toroli la kitivo limepata pancha, nikaamua kulipeleka mwenyewe kwa wazibaji wa barabara ya chini, kwa sababu nikimtuma mtu atarudi bila toroli. Nafika, naona kijana ameinama kwenye beseni la maji, anatafuta mapovu ya tyubu. Shingo ile naijua. Ni Kasuku!

Kasuku ndiye aliyekwenda kongamano mwaka jana. Alikuwa na kazi yake ya kutuliza mtetemo wa jenereta kwa springi, na mdomo usiochoka, ndiyo maana ya jina. Siku aliponieleza alikuwa anameremeta. Nilimgongea rimu mara tatu, na desturi ni mara moja. Aliporudi hakuja kunisalimia. Nikasema, haya, ameshaona theluji, sasa ana maringo. Nimemsema vibaya mwaka mzima kwa watu wote waliokuja kuchukua misumari.

"Injinia!" nikamwita. "Unafanya utafiti wa matairi siku hizi?"

"Nafanya kazi, Mjomba." Hakuinua kichwa. "Lete toroli."

"Na shahada?"

"Niliacha mwaka wa mwisho."

Nilicheka kwanza, kwa mazoea. Halafu nikaona hakuna anayecheka na mimi. Nikakaa kwenye tairi bovu nikamwambia sitoki hapo mpaka aniambie. Akaniambia huku mikono inafanya kazi, kama anamsimulia tyubu.

"Nilisimama mbele yao nikaeleza. Kama nilivyokueleza wewe, neno kwa neno. Nilikuwa nimeyashika. Nikamaliza. Mzee mmoja wa mbele akauliza, 'Samahani, sijaelewa. Kwa maneno rahisi, springi yako inafanya nini?' Nikarudia yaleyale. Akasema bado. Mwingine naye akasema bado. Nikawaambia," hapo akasukuma kiraka kwa kidole, "nikawaambia kwetu hata mtunza stoo ameelewa."

"Wakasemaje?"

"Walicheka, Mjomba. Ukumbi mzima. Labda hawakucheka kwa ubaya. Lakini mimi nikakaa chini na sikusimama tena siku zile zote."

Nikamwambia wale wana wivu. Nikamwambia nimeishi na watu wa aina ile kwenye kambi za barabara, wanajifanya hawaelewi ili wakuchoshe. Nilikuwa naongea haraka haraka.

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi," akasema. "Wewe ulielewa mara moja. Basi maneno yangu yalikuwa sawa. Kama maneno yalikuwa sawa na wao hawakuelewa, kilichobaki ni mimi. Sura yangu, sauti yangu, nilikotoka. Hivyo sivibadilishi. Nikaona nisijisumbue."

Amekataa malipo. "Wewe uliniamini," akasema.

Nimesukuma toroli mpaka nyumbani badala ya kulirudisha kitivoni. Mke wangu akauliza toroli la nini. Liko hapa mlangoni, linaloana.

Jumatatu, 24 Machi

Spana imerudi. Sindano naye amerudi. Amesimama pale pale, amenieleza upya, mimi nimeshika spana mkononi. Nikatafuta ule mtikisiko wa polepole, shingo ikagoma.

"Tumbo linanisumbua," nikasema. "Njoo kesho."

Jumanne, 25 Machi

Nimesema mvua ina kelele.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesema leo ni Ijumaa.

Jumanne, 1 Aprili

"Mjomba, umewagongea wote," Sindano ameniambia. "Yule wa utafiti wa matofali aliongea maneno matatu ukagonga. Mimi nimekukosea nini?"

Ningejibu nini? Nikigonga, nampeleka kwa wale watu akiwa na neno langu mfukoni, kama Kasuku. Nisipogonga, namnyima safari binti ambaye pengine ana akili kuliko ukumbi wote. Nitajuaje? Mimi simwelewi! Yaani naelewa, lakini kwa namna yangu. Kichwa kinazunguka kama feni iliyolegea.

Jumatatu, 7 Aprili

Maneno yamesambaa. Wengine wanasema nataka nipewe chochote. Wengine wanasema Mjomba hapendi wasichana wanaojua. Mmoja ameacha soda kwenye kaunta bila kusema kitu. Nimeirudisha. Nimemrudishia akiwa darasani mbele ya mwalimu wake, na nimesema kwa sauti kwamba mimi sinunuliki, na kama ningenunulika isingekuwa kwa soda ya moto.

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Profesa alinisimamisha ngazini. "Mzee, kuna nini? Wewe huwa unaelewa."

"Huwa, Mama."

"Kazi ya binti huyu ni nzuri. Nimeisoma mwenyewe."

"Basi gonga wewe," nikasema. Ulimi huu! Aliniangalia kama mtu aliyefungua kabati la vikombe akakuta viatu. Akaondoka.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kwamba Mama Profesa hanithamini tena. Nikamkumbusha jinsi alivyonichagua mimi kati ya watu wote wa jengo, akaona kichwa hiki kina kitu.

Mke wangu alikuwa anakuna karoti. "Baba watoto, unajua kwa nini alikuchagua?"

"Kwa wepesi wa akili."

"Alikuchagua kwa sababu hujui. Alitaka mtu asiyejua, ili mtoto ajifunze kumweleza mtu asiyejua. Kazi yako ilikuwa moja tu, useme hujaelewa."

Nikamwambia karoti hizo anazikuna vibaya. Nimetoka nje kukaa na toroli. Sikujua kama nimetukanwa au nimeambiwa jambo. Miaka yote ile nilikaa kwenye kiti kile kama jaji, kumbe nilikuwa mjinga aliyeajiriwa! Kama ni hivyo, hata ujinga wenyewe sikuufanya vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemkasirikia Mama Profesa. Mchana nimemkasirikia mke wangu. Jioni zamu imefika kwangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo Sindano hakuja kueleza. Amekuja kurudisha ndoo. Amezipanga moja ndani ya nyingine, akasema amemwandikia Mama Profesa kwamba anajitoa, barua iko kwenye mkoba, ataipeleka akitoka hapa. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

Mimi nimekabiliana na breki zilizokatika mteremkoni. Nimekabiliana na mwizi aliyeshika panga kumbe ni mwiko. Lakini neno hili dogo nililiogopa kuliko vyote hivyo.

"Sijaelewa," nikasema.

"Hujaelewa kwa nini najitoa?"

"Kazi yako. Sijaielewa."

Akaweka ndoo chini. "Lipi hujaelewa?"

"Kuanzia pale uliponisalimia."

Akanitazama. Mimi nikajiandaa kwa sindano yenyewe. Badala yake akaanza kucheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na mimi sikujua nisimame au nikae, nikampa kitambaa cha kufutia mafuta ya mashine, akajipaka grisi usoni. Sasa tukacheka wote wawili.

"Mjomba, mwezi mzima unanizungusha, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Na mimi nilidhani unaniona mimi mjinga."

Akageuza ndoo akaikalia. Akaanza upya. Kila alipofika pagumu nilisema "sijaelewa", na kila nilipolisema lilitoka kwa urahisi zaidi, mpaka nikaanza kulifurahia, nikawa nalisema hata mahali nilipoelewa. Akanigundua. "Usinichezee, Mjomba."

Tumeishia kwenye maji ya mlimani. Anasema mvua inayonyesha huko juu haifiki ukutani siku hiyo. Inazama, inatembea ndani ya udongo taratibu, inafika siku ambayo watu wameshaanika nguo. Ukuta unabeba mvua ya juzi.

"Kama habari za msiba," nikasema. "Zinafika watu wanacheka."

Akaandika kitu kwenye kiganja. Barua haikutoka kwenye mkoba.

Jumanne, 22 Aprili

Sindano amekuja asubuhi, amekuja mchana. Nimeelewa maji ya juzi. Nimeyaelewa kweli, hata mke wangu nimemweleza, na yeye akaniuliza swali moja tu: "Sasa ukuta hauna vibomba vya kutolea maji chini? Kwa nini yasitoke hapo yakaenda zake?"

Nimelipeleka swali hilo stooni kama langu.

Sindano akafungua mdomo, akaufunga. "Yanatoka kidogo. Mengine yanabaki nyuma ya ukuta. Nimeyapima, yapo."

"Kwa nini yanabaki?"

"Kwa sababu shinikizo..." Akasita. Akakuna kichwa. "Subiri."

Amekwenda maabara. Hajarudi. Mvua imepungua.

Ijumaa, 25 Aprili

Hajarudi. Amechukua mchanga mwingine. Wanafunzi sasa wanasema nimemvuruga kabisa. Huenda ni kweli. Nilitaka kumsaidia, nikamchukulia hata kile alichokuwa anakijua. Kuna msaada wa namna hii?

Jumatano, 30 Aprili

Mama Profesa ameingia na Sindano nyuma yake, mchanga hadi kwenye nyusi.

"Mzee, leo ndiyo mwisho. Gonga au sema."

Nikasimama. Nikamwambia nimeelewa nusu. Akasema nusu ipi, nikamweleza ya maji ya juzi, mikono yangu ikionyesha mlima, mimi mwenyewe nikiwa ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hapo kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Profesa akisahau kushika miwani yake.

"Na nusu iliyobaki?"

"Vibomba, Mama. Kwa nini maji yasipite kwenye vibomba."

Akamgeukia binti. Sindano akasema, "Hapo sijui bado. Nimejaribu wiki nzima. Nadhani udongo laini unaziba midomo ya vibomba, lakini sijauona ukiziba. Siwezi kusema najua."

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

"Unaweza kusimama mbele ya watu na kusema hivyohivyo?" Mama Profesa akauliza.

"Nitatetemeka."

"Tetemeka. Lakini sema." Akanigeukia. "Mzee, gonga."

"Sigongi, Mama. Nikigonga nitakuwa nasema nimeelewa yote."

Niliona amekasirika, halafu nikaona hajakasirika, halafu sikuona tena maana aligeuka kwenda zake. Mhasibu amekataa kuandika nauli kwa sababu hakusikia rimu. Imebidi Mama Profesa apande ngazi mwenyewe kumfokea. Jina limetumwa.

Alipokuwa anashuka alisimama mlangoni kwangu. "Mzee, na wale wengine? Uliwaelewa?"

"Wote, Mama," nikasema. "Unajua bahati yangu."

Neno lilitoka lenyewe. Sijui kwa nini nimelisema. Aliitazama rimu, akaenda.

Jumatatu, 12 Mei

Jua kali. Nimekwenda kuukagua ukuta wa nyuma ya jengo. Mtu hawezi tena kuanika shati kwa amani.

Jumapili, 25 Mei

Sindano ameondoka. Nimembebea sanduku mpaka kwenye gari na kumpa maarifa yangu ya safari: usikalie pasipoti, usimwamini mtu anayetabasamu kabla hujamuuliza kitu. Akaniuliza, "Mjomba, huko unakosema ulibishana na watu wa forodha, ulikuwa unabishana kuhusu nini?"

"Sijui," nikasema. "Lugha ilikuwa ngumu."

Amecheka mpaka gari likaondoka.

Alhamisi, 29 Mei

Ametuma sauti kwenye simu. Nimeisikiliza stooni, nikaisikiliza nyumbani, mke wangu ameshaikariri.

"Mjomba, wameniuliza la vibomba! Swali la kwanza kabisa. Nikasema, sijui. Sikuishia hapo. Nikasema, ninachokijua kinaishia hapa, kuanzia hapa sijui, ila nadhani hivi. Mama mmoja wa nyuma akasema, sasa ili ujue ungepima nini? Nikamwambia. Akabisha. Nikambishia. Tumebishana mpaka wanaofagia wakatuomba tupishe. Ile maabara haijasema kitu, sijui kama itasema. Lakini Mjomba, nilikuwa najua mahali niliposimama. Mwambie shangazi, mkeo, swali lake limefika."

Mke wangu akanitazama. "Swali la nani?"

Kumbe binti alijua.

Usiombe kuwa mimi leo. Nimefurahi, halafu katikati ya furaha nikaona beseni la maji na mapovu.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda kwa Kasuku. Sikuwa na pancha. Amenitazama akatafuta tairi, hakuliona.

"Toroli liko wapi, Mjomba?"

"Sijaja na toroli. Nimekuja na mdomo." Nilikuwa nimeandaa utani wa kuanzia, ukapotea njiani. "Kasuku, mwaka ule, ile springi yako. Sikuelewa."

"Hukuelewa nini?"

"Hakuna nilichoelewa."

"Hata kidogo?"

"Hata pale mwanzo. Ulikuwa unameremeta, nikaona nikikukatiza nitakuzima. Nikagonga mara tatu ili usije ukauliza."

Alikuwa ameshika nati za gurudumu. Akazitupa kwenye bakuli moja moja, kila moja kwa nguvu kuliko iliyotangulia.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nafikiri ni sura yangu."

"Sura yako haina neno. Ni maneno yako yalikuwa magumu, na mimi sikukwambia."

"Wale watu waliniambia ukweli, mimi nikawachukia. Wewe ukanidanganya, nikakuzibia pancha bure."

"Nimekuja kulipa."

"Nyamaza, Mjomba."

Gari likaingia, akaenda kulihudumia. Nilibaki nimesimama juani, sijui niondoke au nisubiri. Alimaliza lile, likaja jingine, akalimaliza nalo. Hakunitazama. Mwisho akaja akifuta mikono, akavuta tairi bovu kwa mguu, akalilaza.

"Kaa hapo."

Nikakaa.

"Jenereta ikiwaka, inatetemeka. Umeelewa?"

"Hapo nimeelewa."

"Ule mtetemo una kasi yake. Springi nayo ina kasi yake. Zikilingana ni balaa, kwa hiyo mimi nazitenganisha."

"Sijaelewa."

Alinikazia macho. Nilidhani atanipiga na pampu. Akasema, "Haya, sahau springi. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea?" Akaanza upya. Nikamwambia bado. Akaanza tena, kwa hasira, akitumia jeki, tyubu na mguu wangu. Jua lilikuwa linashuka na wateja wanapiga honi, na mimi bado sijaelewa kwa nini springi, na yeye bado anaeleza. Amesema nirudi Jumamosi. Hajasema amenisamehe.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Leo umeelewa nini?"

Nikamwambia, "Bembea tu."

Nimefungua daftari hili ukurasa wa kwanza nikasoma ile habari ya bahati na kichwa kinachoshika jambo mara moja. Ni uongo. Nimekaa kwenye kiti kile miaka yote na kabla ya Sindano sijawahi kumwelewa hata mmoja. Jumatatu nitapanda ngazi nimwambie Mama Profesa.